Mwanamke analima kibanja, nani anauza kahawa?

MSIMU wa kahawa unapofika mkoani Kagera, kata ya Mabira wilayani Kyerwa huwa na shughuli tangu alfajiri. Mbele ya nyumba huanikwa kahawa ya maganda juu ya maturubai na mikeka. Wanawake na watoto ndio wanaoonekana zaidi katika kuchuma, kubeba, kugeuza na kuchambua majani na mawe. Mvua ikinyesha ghafla, wao ndio wanaokimbia kuianua.

Lakini siku ya kupeleka magunia kwenye ghala la chama cha msingi, jina linaloandikwa daftarini mara nyingi ni la baba. Fedha zinapotoka, hulipwa yule ambaye jina lake liko daftarini.

Hali hii haiko Mabira peke yake. Iko Karagwe, wilaya ambayo Kyerwa ilikuwa sehemu yake hadi ilipogawanywa mwaka 2012, na iko katika maeneo mengi ya migomba na kahawa ya Kagera. Wengi wamezoea kuiona kuwa ni suala la haki za wanawake tu, jambo la semina na maadhimisho ya Machi 8. Ukweli ni kwamba ni suala la uchumi wa kaya, na linaanzia kwenye ardhi, likapita kwenye mikutano ya kijiji, hadi kwenye mizani ya chama cha ushirika.

Shamba moja, mifuko miwili

Katika kilimo cha asili cha Kagera, kibanja ndicho kitovu cha kaya. Humo hupandwa migomba, mibuni na maharage kwa kuchanganya. Pembeni, kwenye maeneo ya nyasi yanayoitwa rweya, hulimwa mashamba ya msimu ambayo kwa miaka mingi yamehesabika kuwa ya akina mama, kwa ajili ya njugumawe, viazi, mihogo na mazao mengine ya chakula.

Mgawanyo huo umezaa mifuko miwili ndani ya nyumba moja. Kahawa, ambayo ndiyo fedha kubwa ya mwaka, ni ya baba. Maharage na mazao ya chakula ni ya mama, na hayo ndiyo yanayotakiwa kununua chumvi, sabuni, madaftari na dawa. Mama anapalilia kibanja chote, lakini mbuni ulioko ndani ya kibanja hicho si wake.

Hasara ya mpangilio huu iliwahi kupigiwa hesabu. Mwaka 1994, mchumi Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba ambaye baadaye aliongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa na kisha kuwa mbunge na waziri, alichapisha utafiti kuhusu wakulima wadogo wa migomba na kahawa mkoani Kagera. Alionyesha kwamba kama kaya zingeacha kugawa kazi kwa ukali kati ya mwanamume na mwanamke, mapato ya fedha taslimu yangeweza kuongezeka kwa hadi asilimia 10, tija ya nguvu kazi kwa asilimia 15 na tija ya mtaji kwa asilimia 44. Ongezeko hilo halikuhitaji mbegu mpya wala ardhi zaidi. Lilihitaji mwanamume na mwanamke kufanya kazi ile inayolipa zaidi kwa wakati huo, bila kujali ni ya nani kimila.

Mkulima yeyote anaweza kuielewa hesabu hiyo. Mwezi ambao kahawa inahitaji mikono mingi, mikono ya mama inakuwa imegawanyika kati ya kahawa, maji, kuni, jikoni na shamba lake la msimu. Na mtu asiyejua atapata nini katika zao fulani hana sababu kubwa ya kuliwekea mbolea, kukata matawi yaliyozeeka au kuchuma mbivu tu na kuacha mbichi. Ubora wa kahawa huanza kushuka hapo.

Butura inavyokula msimu

Jambo lingine linaloumiza kaya ni butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado shambani, wakati mwingine ikiwa maua. Biashara hii imepigwa marufuku mara kwa mara na viongozi wa serikali, lakini haijaisha kwa sababu inajibu shida ya kweli. Ada inadaiwa, mtoto anaumwa, msiba umetokea, na msimu bado uko mbali.

Tuseme, kwa urahisi wa hesabu, kaya inahitaji Sh 200,000 mwezi Februari. Mnunuzi wa butura anazitoa kwa makubaliano kwamba Juni atachukua magunia manne. Kama bei ya msimu itakuwa Sh 100,000 kwa gunia, kaya hiyo itakuwa imelipa Sh 400,000 kwa fedha iliyokopa miezi minne tu iliyopita.

Kaya hiyo hiyo ingekopa Sh 200,000 katika kikundi cha kuweka na kukopa kwa riba ya asilimia 10, ingerudisha Sh 220,000. Tofauti ni Sh 180,000. Zaidi ya hapo, ile Sh 20,000 ya riba inabaki kwenye kikundi, na mwisho wa mzunguko wanachama hugawana.

Mapatano ya butura mara nyingi hufanywa na mwanamume peke yake. Mama hupata habari siku mnunuzi anapokuja na magunia matupu. Kama mama angekuwa na sauti juu ya kahawa hiyo, na kama angekuwa mwanachama wa kikundi, huenda njia ya pili ingechaguliwa.

Kesi iliyoanzia Kashasha

Chanzo cha mwanamke kukosa sauti juu ya kahawa ni ardhi. Sheria za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963, katika Tangazo la Serikali namba 436, zilieleza kwamba mwanamke anaweza kurithi, lakini ardhi ya ukoo ataitumia tu maisha yake yote bila kuwa na ruhusa ya kuiuza. Katika ngazi za urithi, mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza yuko juu, watoto wengine wa kiume wanafuata, na mabinti wako ngazi ya mwisho. Mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake.

Mwanamke aliyetikisa kanuni hizo alitoka Kagera. Holaria Pastory, mkazi wa Wilaya ya Muleba, alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia halali. Alipozeeka na kukosa mtu wa kumtunza, Agosti 24, 1988 aliiuza kwa Gervazi Kaizilege, mtu asiye wa ukoo wao, kwa Sh 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikwenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha akidai mauzo hayo ni batili kwa kuwa mwanamke wa Kihaya hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama hiyo ilikubaliana naye na kuamuru mama huyo arudishe fedha.

Bi Holaria alikata rufaa Mahakama ya Wilaya ya Muleba, akashinda. Mpwa naye akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza. Februari 22, 1990, Jaji James Mwalusanya alitoa hukumu iliyosomwa na wanasheria sehemu nyingi Afrika. Alisema kanuni inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo huku mwanamume akiruhusiwa inakwenda kinyume cha Katiba, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 1984 ina sehemu ya haki za binadamu na inakataza ubaguzi. Aliongeza kwamba Tanzania ilikuwa imeridhia mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake.

Wakulima wengi hawajasikia sehemu moja ya hukumu hiyo. Jaji hakuufutia ukoo haki yake ya kukomboa ardhi. Alisema ndugu wa ukoo anaweza kuikomboa ardhi iliyouzwa kwa mtu wa nje kwa kumrudishia mnunuzi fedha alizolipa, na kanuni hiyo iwe moja kwa muuzaji mwanamume na muuzaji mwanamke. Mpwa alipewa miezi sita kulipa Sh 300,000, vinginevyo ardhi iwe ya mnunuzi. Ukoo usiotaka shamba litoke nje, basi, ulipe bei yake. Hauwezi kumwambia mwanamke hana haki ya kuuza.

Ushindi huo haukumaliza tatizo. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walikotambuliwa mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vifo vya waume viliacha wajane wengi wakikabiliana na mashemeji juu ya vibanja. Mwaka 2006, katika kesi iliyofunguliwa na wajane wawili wa jamii ya Kisukuma, Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni za urithi za mila ni za kibaguzi lakini haikuzifuta. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010. Walipokwenda kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba huo, kamati hiyo mwaka 2015 iliitaka Tanzania ifute au irekebishe kanuni hizo.

Sheria za ardhi zinavyosema

Wakati mivutano ya mahakamani ikiendelea, Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji mwaka 1999, zikaanza kutumika Mei 1, 2001. Zote mbili zinatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki, kutumia na kuuza ardhi ni sawa na ya mwanamume kwa masharti yale yale.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke umiliki au matumizi halali ya ardhi ni batili. Aidha, halmashauri ya kijiji inapopokea maombi ya hati ya haki milki ya kimila, haitakiwi kuyaweka maombi ya mwanamke au kikundi cha wanawake chini ya maombi kama hayo ya mwanamume.

Sheria ya Ardhi inakwenda mbali zaidi. Pale ardhi inapoandikwa kwa jina la mwenzi mmoja, lakini mwenzi mwingine amechangia kwa kazi yake katika kuizalisha, kuitunza au kuiendeleza, kazi hiyo inampa maslahi katika ardhi hiyo. Kwa lugha ya kibanja, jembe, palizi na samadi ya miaka 20 vina uzito mbele ya sheria.

Hata kazi za nyumbani zimetambuliwa. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya ndoa. Hata hivyo, Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, kwa sababu mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alikuwa amekwisha kuzitumia vibaya. Kwa hiyo mwenzi anayepewa fedha za mradi ni vema atunze kumbukumbu zake.

Viti vinavyoamua shamba

Sheria nzuri haitembei yenyewe hadi kijijini. Inahitaji watu wa kuitumia, na hapo ndipo siasa inapoingia.

Halmashauri ya kijiji huwa na wajumbe 15 hadi 25, na angalau robo yao wanapaswa kuwa wanawake. Ndicho chombo kinachosimamia ardhi ya kijiji. Baraza la Ardhi la Kijiji, linalosuluhisha migogoro ya mipaka na urithi, lina wajumbe saba ambao watatu kati yao lazima wawe wanawake. Wajumbe hao hupendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana kura.

Mjane anayevutana na shemeji juu ya mpaka wa kibanja ataona tofauti kati ya baraza lenye wanawake watatu wanaosema na lenye wanawake watatu waliowekwa ili kutimiza hesabu. Mara nyingi majina hujazwa kwa haraka mwishoni mwa mkutano, wakati akina mama wengi wamekwisha kurudi nyumbani kupika.

Juu zaidi, wanawake wamepata nafasi kupitia viti maalumu. Bunge lilitenga viti 15 vya wanawake mwaka 1985, na marekebisho ya Katiba yaliyotangulia uchaguzi wa 2005 yakafikisha kiwango hicho kuwa si chini ya asilimia 30. Katika halmashauri za wilaya, madiwani wanawake wa viti maalumu ni theluthi ya idadi ya madiwani wa kata. Tangu Machi 2021, nchi imeongozwa na Rais mwanamke, Samia Suluhu Hassan.

Hata hivyo, ngazi iliyo karibu na kibanja ndiyo iliyo nyuma. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019, wanawake waliochaguliwa kuwa wenyeviti wa vijiji nchini walikuwa karibu asilimia mbili tu. Kwa maneno mengine, kati ya vijiji 50, kimoja ndicho kilichoongozwa na mwanamke. Na mwenyekiti wa kijiji ndiye anayeongoza vikao vinavyozungumza ardhi.

Udiwani una faida nyingine inayohesabika. Baraza la madiwani ndilo linalopitisha bajeti ya halmashauri, ikiwamo asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo tangu mwaka 2018 sheria inaagiza ikopeshwe bila riba. Asilimia nne ni ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu. Kwa mfano, halmashauri ikikusanya Sh bilioni 2 zinazostahili kuhesabiwa, Sh milioni 80 ni za vikundi vya wanawake. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 kutokana na fedha nyingi kutorejeshwa na kuwapo vikundi hewa, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Diwani anayeuliza swali kuhusu fedha hizo anafanya kazi ya uchumi moja kwa moja.

Chama cha msingi si cha baba peke yake

Kahawa ya Karagwe na Kyerwa hukusanywa na vyama vya msingi vilivyo chini ya KDCU, chama kikuu kilichoanza mwaka 1990 baada ya kujitenga na ushirika wa Kagera. KDCU imekuwa ikiuza sehemu ya kahawa yake kupitia soko la Fairtrade, ambalo hulipa nyongeza maalumu juu ya bei. Matumizi ya nyongeza hiyo huamuliwa na wanachama kwenye mikutano yao.

Neno muhimu ni wanachama. Mwanamke aliyechuma kahawa msimu mzima lakini si mwanachama hana kura ya kusema fedha hizo zijenge zahanati, zinunue miche au zitengeneze ghala. Hana pia haki ya kugombea ujumbe wa bodi.

Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 haimzuii. Mtu aliyefikisha miaka 18 na mwenye mahitaji yanayofanana na ya wenzake anaweza kuomba uanachama, awe ameolewa au hajaolewa. Kaya yenye mibuni 600 inaweza kukubaliana kwamba 400 iandikwe kwa baba na 200 kwa mama, kila mmoja akawa na namba yake na malipo yake. Kahawa ni ile ile, ila sasa kaya ina kura mbili kwenye mkutano.

Wapo wanaume wanaohofia kwamba mwanamke akiwa na fedha zake ndoa itayumba. Hofu hiyo inastahili kuzungumzwa waziwazi. Lakini mwanamume huyo huyo ana binti aliyeolewa kijiji cha pili, na asingependa binti yake afukuzwe kwenye kibanja alichokipalilia miaka 15. Na si mara ya kwanza kwa mila ya ardhi Kagera kubadilika. Mfumo wa nyarubanja, ambao uliwafanya wakulima kuwa wapangaji wa mabwana wa ardhi, ulivunjwa kwa sheria katika miaka ya 1960, na leo hakuna mjukuu wa mpangaji anayetaka urudi.

Hatua za kuanza nazo

Kaya isiyotaka kusubiri hadi mgogoro utokee inaweza kuanza na mambo yafuatayo.

Kwanza, hati ya haki milki ya kimila iombwe kwa majina ya mume na mke wote wawili. Kuandika jina la pili wakati wa maombi ni rahisi kuliko kulidai baada ya msiba.

Pili, mwenye mali aandike wosia akiwa na afya. Kwa kanuni za mila, wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wasiopungua wawili iwapo mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, na wasiopungua wanne iwapo hajui. Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Holaria Pastory alikuwa na cha kusimamia mahakamani kwa sababu baba yake aliacha wosia.

Tatu, mama aombe uanachama wa chama cha msingi kabla ya msimu, si wakati magunia yamekwisha kufika ghalani.

Nne, vikundi vya kuweka na kukopa visajiliwe katika halmashauri. Bila usajili, mkopo wa asilimia nne utabaki kusikika redioni. Na kikundi kitakachokopesha wakati wa njaa ya fedha, kati ya Januari na Aprili, kitakuwa kimemnyang'anya mnunuzi wa butura wateja wake.

Tano, akina mama wahudhurie mkutano mkuu wa kijiji na wakae hadi mwisho, hasa siku ya kuthibitisha wajumbe wa Baraza la Ardhi. Akina baba nao wanaweza kusaidia kwa jambo dogo, kwa kukubali mkutano upangwe saa ambayo jiko halidai mtu. Nafasi tatu za wanawake katika baraza hilo zipo kisheria. Kilichobaki ni kijiji kuwachagua wanawake watakaosimama kusema pale mpaka wa kibanja cha mjane unaposogezwa.